Mpangaji Asiyejua Chumba

Mapigo ya mkono wa kulia hayakufanana na ya kushoto. Mifumo, mwanafunzi wa uuguzi aliyepewa jina hilo kwa kukariri mifumo ya mwili hata akiosha vyombo, aliyapima upya mikononi mwa mdogo wake. Kulia, mapigo ya mtu. Kushoto, kila pigo lilifuatwa na jingine dogo, kama mtu anayenyata.

Alimpigia simu mkufunzi wake. Akakumbushwa kwamba mwaka wa kwanza hawaruhusiwi kugundua ugonjwa. Ugonjwa unaanza muhula wa tatu.

Ilipofika alasiri chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mdogo wake alilala macho wazi, na sauti nzito ikamtoka bila midomo kusogea.

"Huyu nimemchukua. Nakaa moyoni mwake."

"Mwanangu, usimjibu," mama alinong'ona mlangoni. "Mganga yuko njiani."

"Tangu asubuhi yuko njiani, mama." Mifumo akamgeukia yule mgeni aliyekuwa ndani ya mdogo wake. "Moyo una vyumba vinne. Wewe uko kipi?"

"Cha... mbele."

"Hakuna cha mbele. Kuna atria mbili juu, ventrikali mbili chini. Mpangaji asiyejua chumba chake ni mvamizi. Toka."

Kifua kikatulia. Midomo ikageuka kijivu.

"Basi nimehamia kwenye pumzi," ilisema sauti. "Nami naifunga."

Mifumo akainua kidevu cha mdogo wake, akambana pua, akaweka mdomo wake juu ya ule uliokuwa baridi kama bati, akapuliza, na kila alipopuliza kitu kilimsukuma kutoka ndani, naye akakisukuma zaidi, akiitaja njia yote kichwani, koo, koromeo, bomba la hewa, matawi yake, hadi vile vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, akikataa kumwachia mgeni hata kimoja, mpaka mdogo wake akakohoa na kutapika majimaji meusi, yakatambaa sakafuni, yakapita katikati ya miguu ya mama na kutoka nje.

"Dada," mdogo wake alisema kwa shida, "ulikula vitunguu?"

Mifumo akampima. Kulia na kushoto, sawa.

Ndipo sauti ikaja kutoka nje ya dirisha, safari hii ya upole, kama ya mtu aliyeshika kalamu.

"Samahani. Na bandama linakaa upande gani?"

Mama akamshika bega. Mifumo akavuta dirisha, akalikomea.

"Usajili umefungwa," akasema.