Jibu la Nyumba ya Nane

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kupitisha sumaku sakafuni chini ya cherehani ya mama yake ili kuokota pini. Mama yake alikuwa mshonaji, na aliogopa pini kuliko watu wengine wanavyoogopa nyoka. "Pini moja tu mguuni, mwanangu," alizoea kusema, "na wiki nzima tunaimalizia hospitali." Jina la Chiriku alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akikosa mtu wa kuzungumza naye, aliisimulia sumaku habari za darasani.

Siku hiyo habari zilikuwa kubwa. Mwalimu wa hisabati alikuwa amewapa kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba.

"Kila mmoja nyumba nane, mama! Maswali yenyewe mawili tu. La kwanza, maji ya kunywa mnachemsha? Mtu anachagua: hatuchemshi, mara nyingine, au kila mara. La pili, watoto wameumwa tumbo tangu muhula uanze? Hawajaumwa, mara moja moja, au mara kwa mara."

"Uandike wanachosema wao," alisema mama yake, pini mbili zikiwa zimebanwa midomoni. "Si unachopenda wewe."

"Mama nawe! Kwani mimi mtoto mdogo?"

Nyumba saba zilikwenda vizuri. Wengine walimkaribisha ndani, wengine walimjibu dirishani. Fundi viatu alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. "Kuchemsha maji ya kunywa? Sisi hatuchemshi, bwana. Matumbo yetu yameshazoea." Wakati akisema hivyo, wanawe wawili walipita mbio wakigombania mlango wa choo, naye akakiri kwamba huumwa mara kwa mara. Chiriku aliandika: hatuchemshi, mara kwa mara. Akamshukuru, akatoka huku amejiziba mdomo asicheke.

Ikabaki nyumba ya nane, ya dobi, ghorofa ya tatu. Chiriku alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza aliposikia wenzake uani.

"Chiriku! Zamu yako ya kuruka kamba! Usipokuja sasa hivi unarudi mwisho!"

Aliangalia ngazi, akaangalia kamba. Dobi nani asiyemjua? Shuka zake zilizoanikwa juu ziling'aa mpaka zikaumiza macho. Mtu msafi namna ile ataacha kuchemsha maji? Na akichemsha, mwanawe ataumwa na nini? Chiriku akaweka karatasi gotini, akaandika: kila mara, hawajaumwa. Haikumchukua hata nusu dakika. Mambo mengi mabaya huanza hivyo hivyo, kwa nusu dakika, na mtoto anakimbilia kucheza kana kwamba hakuna lililotokea.

Kesho yake mwalimu aliwaonyesha namna ya kuyapima majibu.

"Majibu haya yamepangwa kama ngazi," alisema. "'Kila mara' iko juu ya 'mara nyingine', hilo tunalijua. Iko juu kwa kiasi gani, hatujui. Kwa hiyo msinijumlishie. Chukueni nyumba mbili mbili, mzilinganishe. Nyumba inayochemsha zaidi ikiwa ndiyo yenye maradhi machache, jozi hiyo inakubaliana na wazo letu kwamba kuchemsha maji kunasaidia. Ikiwa ndiyo yenye maradhi mengi, jozi hiyo inapinga. Zikilingana kwa swali lolote, ziacheni pembeni."

Nyumba nane zilitoa jozi ishirini na nane. Kwenye jedwali la Chiriku, jozi saba zililingana, akaziacha. Ishirini na moja zilizobaki zote zilikubali.

"Sasa toa zinazopinga kutoka kwa zinazokubali," alisema mwalimu, "kisha gawanya kwa jumla ya zinazokubali na zinazopinga. Ukipata moja, vitu viwili vinakwenda pamoja bila kuachana. Ukipata sifuri, havijuani."

"Ishirini na moja kutoa sifuri, gawanya kwa ishirini na moja," alihesabu Chiriku. Akaruka kwenye dawati. "Moja, Mwalimu! Moja kamili!"

Mwalimu aliinama juu ya jedwali, akarekebisha miwani. "Hata jozi moja haikupinga? Watu ninaowajua mimi ni wabishi zaidi ya hapo."

Darasa likacheka. Hapo Chiriku alipewa nafasi ya kusema. Ulimi ule usiolala ukawa mzito.

"Hata moja, Mwalimu."

"Haya. Muuguzi wa zahanati ameniomba majedwali yenu. Nyumba zilizoandikwa 'mara kwa mara' atazitembelea kesho."

Siku iliyofuata, Chiriku alikuwa amepiga magoti na sumaku yake pale dobi alipotokea mlangoni, kanga imelowa povu, mwanawe begani. Mtoto huyo wa miaka mitatu aliitwa Kibonge tangu akiwa mchanga, lakini siku hizi suruali yake ilifungwa kwa kamba isianguke. Macho yake yalikuwa yamezama, na midomo imekauka.

"Dada, nishikie ufunguo," dobi alimwambia mshonaji. "Namkimbiza zahanati. Tumbo tena. Hii mara ya nne."

"Muuguzi si yuko huku huku? Nimemwona akiingia kwa fundi viatu."

"Nami nimemwona dirishani. Kaingia nyumba hii, kaingia ile, kwangu hakupanda. Nikasema labda nimesahauliwa."

Sumaku ilimponyoka Chiriku, pini zikatawanyika. "Hukusahauliwa, mama Kibonge," alisema, na sauti yake haikuwa ya chiriku tena. "Ni mimi. Nimeandika kwako hakuna anayeumwa. Sikupanda kuuliza. Nilikwenda kuruka kamba."

Chiriku alisubiri kofi. Mama yake alisimama, akampokea Kibonge, akasema kwa sauti ya chini, "Kimbia ukamlete muuguzi. Yetu tutayazungumza baadaye."

Chiriku alikuwa hajawahi kukimbia vile. Muuguzi alifika na mkoba wake, akachanganya dawa ya kurudisha maji mwilini, akamnywesha Kibonge kijiko baada ya kijiko mpaka macho yakachangamka. Kisha wakapanda wote ghorofa ya tatu.

"Maji mnachemsha?" aliuliza muuguzi.

"Kila mara! Tangu azaliwe!" Dobi alikuwa karibu kununa.

"Nakuamini, dada. Nionyeshe mnapoyaweka."

Yalikuwa kwenye ndoo kubwa, safi, ila haina mfuniko, sakafuni kando ya mlango. Kabla hawajasema lolote, Kibonge aliteleza kutoka mikononi mwa mama yake, akaokota kikombe chake chini, akakizamisha kwenye ndoo ile, mkono ukaingia mpaka kiwiko.

Watu wazima watatu wakatazamana.

"Mikono yangu kutwa imejaa povu," alisema dobi taratibu, "kwa hiyo hujichotea mwenyewe. Na mimi nilikuwa najisifu kwamba mwanangu anajitegemea!"

"Mwache ajitegemee," alisema muuguzi, akicheka kidogo, "ila maji yafunikwe, yawekwe juu ya meza, na wewe ndiye umchotee. Na mikono ioshwe kwa sabuni. Nyumba hii hata ikikosa kitu kingine, sabuni ipo."

Jioni mama yake Chiriku alizungumza, tena kirefu, na kamba ya kuruka ikawekwa kabatini kwa wiki mbili. Katika wiki hizo mbili Kibonge hakuumwa hata siku moja, na suruali ikaanza kumkaa.

Darasani, Chiriku alisimama mbele ya wote, akaeleza alichofanya bila kupunguza neno. Akafuta mstari wa nane, akaandika ukweli: kila mara, mara kwa mara. Akahesabu upya ubaoni. Jozi kumi na sita zilikubali, tatu zilipinga. Kumi na tatu gawanya kwa kumi na tisa: karibu sifuri nukta sita nane.

"Umeporomoka, Chiriku!" alichokoza mmoja kutoka nyuma.

"Amepanda," alisema mwalimu. "Kuchemsha maji bado kunasaidia, jozi kumi na sita zinatuambia. Lakini tazameni hizi tatu zinazopinga. Zote zinatoka nyumba moja. Ndizo zilizotupeleka kwenye ndoo isiyo na mfuniko, na ndizo mwenzenu alizozificha kwa kalamu ili awahi kuruka kamba. Hesabu ilipendeza, mtoto akaendelea kuugua. Wanangu, usipojua, sema sijui. Ukitumwa kuuliza, panda ukaulize. Na jibu likiharibu hesabu yako, liandike hivyo hivyo, maana nyuma yake kuna mtu."