Mchumba Wangu Alinifanya Mfano Darasani

Wasomaji wenzangu, mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitano, tarishi katika ofisi moja hapa mjini Nairobi. Kiingereza nimekisoma shule ya jioni mpaka kichwa kikataka kupasuka! Lakini leo kalamu yangu inaloa machozi...

Nilikuwa na mchumba, Berita wa Kangemi. Nilimpenda mpaka ugali ukanishinda! Mimi mwenyewe nilimbembeleza baba yake amruhusu tusome pamoja katika shule hiyo ya jioni, kule Muthangari.

Siku moja ofisini niliitikia simu kwa Kiingereza changu. Bwana mkubwa, Mzungu, alicheka nusura aanguke! Tangu hapo, wageni wake Wazungu wakija, yeye huniita nizungumze na simu isiyo na mtu, wapate kuburudika. Ningekataa, ningekula wapi? Aibu hiyo nilimwambia Berita peke yake, huku nikilia.

Jioni moja mwalimu akaandika ubaoni neno jipya, “derisively”. Akasema ni neno la kuonyesha jambo limetendwa kwa kejeli na dharau. Kila mtu atunge sentensi.

Berita akasimama. “Europeans laugh at Zakayo derisively when he answers the telephone.”

Yaani Wazungu humcheka Zakayo kwa dharau anapoitikia simu. Na Zakayo ni mimi! Nilitamani sakafu inimeze...

Mwalimu akamsifu. Fundi cherehani mmoja tuliyesoma naye akanigeukia: “Halo, halo! Bwana Simu, nipe Mombasa!” Sentensi zote zilizofuata zikawa juu yangu. Nami nikacheka kuliko wote, nadhani hata watu wa mtaa wa Hurlingham walinisikia!

Njiani nikamuuliza kwa nini.

“Aa, Zakayo, si sentensi tu? Na wewe mbona ulicheka?”

Nikacheka tena, nikamsindikiza hadi kwao.

Wiki haikuisha, Kangemi nzima ikajua. Wanawake sokoni wakawa wanamwimbia Berita, “Kriiing! Mke wa Simu!” Mwishowe akamtuma shangazi yake: hawezi kuolewa na mwanamume anayechekwa kila mahali.

“Shangazi,” nikasema, “na aliyewafundisha kunicheka ni nani?”

Shangazi akajifunga kanga yake, akaenda zake. Berita hakurudi... Sasa silali, sili, na simu ingali inaniita!

Ndugu zangu, mtu akikulilia siri yake, usiende kuisimamisha mbele za watu upate kusifiwa. Nawe unayechekwa, nakusihi, usicheke nao kama mimi. Sema inauma! Sema siku ile ile, mpenzi wako angali anakusikia.