Sifuri ya Mikisa na Sifuri ya Rekoda

Wakati wa mapumziko Jenipher hukaa peke yake nyuma ya stoo ya shule. Ametoka kijijini Rondo miezi miwili tu iliyopita, kuja Lindi mjini kwa shangazi yake ili asome darasa la sita. Siku ya kwanza wenzake walicheka lafudhi yake ya Kimwera. Tangu hapo hasemi ila akiulizwa.

Jumatatu moja Mwalimu Bakary aliuliza, "Nani anajua kutumia rekoda? Ijumaa Bibi Mwanaasha, aliyekuwa mpishi wetu, atatuimbia nyimbo za kutwanga. Redio ya mjini itazirusha."

Jenipher aliinua mkono. "Mimi, mwalimu. Kwetu nilikuwa narekodi kwaya."

Hakuwahi hata kuigusa rekoda. Lakini vichwa vyote viligeuka, na Dilshad wa dawati la mbele akasema, "Kumbe wewe fundi!" Wiki hiyo Jenipher alipata wa kucheka naye.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Waya ulitoka kwenye mikisa, mashine kubwa ya kukodi ya kuchanganya sauti, ukaingia kwenye rekoda ndogo ya shule. Bibi alipoanza kuimba, taa za mikisa zinazopima sauti zilipanda hadi sifuri. Jenipher akadhani lazima mashine zote mbili zilingane. Akazungusha swichi ya sauti mpaka rekoda nayo ikasoma sifuri. Taa nyekundu ikawaka. Aliiona, akaifunika kwa kiganja, asimwulize mtu.

Alasiri, nyumbani, alisikiliza. Sauti ya Bibi ilikwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni. Alipunguza sauti, mikwaruzo ikabaki. Shangazi alikuwa bado sokoni na nyumba ilikuwa kimya. Angeweza kusema rekoda ni mbovu. Nani angejua? Lakini Jumapili Bibi angehamia Songea kwa binti yake, na nyimbo zile hakuna mwingine shuleni aliyezijua.

Akafuta machozi, akaenda kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nilidanganya. Sijawahi kurekodi. Nyimbo zimeharibika."

Mwalimu aliipokea rekoda mkononi mwake. "Wenzako utawaambia mwenyewe," akasema. Jioni hiyo Jenipher alianza nyumbani kwa Dilshad, naye aliposikia, alijibu neno moja tu, "Mwongo," akafunga mlango.

Jumamosi asubuhi Jenipher na mwalimu walikwenda kwa Munawar, fundi redio. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kwenye mikisa, sifuri ni alama ya kazi ya kawaida. Ukiipita kidogo, haina neno. Kwenye rekoda ya dijitali, sifuri ni dari. Sauti ikigonga hapo, inakatwa kichwa. Na mikisa kama ile hutoa sauti yenye nguvu kuliko mashine ndogo hii ilivyozoea. Mikisa ikisoma sifuri, rekoda isome kama kumi na nane chini ya sifuri."

"Kilichokatwa kitarudi?"

"Hakirudi, binti."

Walimkuta Bibi Mwanaasha akifunga mizigo. Jenipher alimweleza yote, macho chini. Bibi alishusha pumzi.

"Koo langu la miaka sabini na nane, mnalichosha mara mbili! Haya, njooni saa tisa."

Saa tisa hakuja mwanafunzi mwingine. Munawar alileta mikisa yake pamoja na kifaa cha kupunguza nguvu ya sauti. Jenipher aliweka kiwango mwenyewe, na hakuondoa macho kwenye taa. Safari hii hata pumzi ya Bibi kati ya mistari ilisikika safi.

Njiani kurudi, Jenipher aliuliza, "Mwalimu, watanisamehe?"

"Labda si kesho. Uongo ulikupa marafiki wa siku nne, na marafiki wa namna hiyo hawakai. Kutojua si aibu, mwanangu. Ungeuliza pale taa ilipowaka, tungerekebisha kwa dakika moja. Lakini ulikuja kusema kweli wakati hakuna aliyekushuku. Mtu wa hivyo huaminiwa, hata kama ni polepole."

Jumatatu redio ilirusha nyimbo za Bibi, na darasa zima likapiga makofi. Dilshad hakugeuka nyuma. Ila kengele ilipolia, alisimama mlangoni akamngoja Jenipher.