Mume Wangu na Neno "Usipime"

Nilimkuta mume wangu kalala, na mwanamke kamshika mkono!

Tena kazini kwake, saa sita mchana, kwenye chumba cha mapumziko nyuma ya ile mashine yao...

Jamani, mkono wangu uliwahi kabla ya akili. Nilimzaba yule dada kibao!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, kazi yake kuhakikisha kompyuta ya kwanta, ile mashine ya ajabu ya mahesabu, haipati joto. Aliipenda ile mashine, usipime!

"Mke wangu, jibu lake kabla halijapimwa ni ndiyo na hapana kwa pamoja. Ukipima tu, linabaki moja."

"Makubwa!"

"Na hii dunia yenyewe huenda ni mwigo tu, mtu anaiendesha kwenye mashine yake."

"Basi huyo mtu aje aoshe vyombo!"

Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akaanza kuniletea suruali. "Nipunguzie kiuno." Inchi thelathini na sita ikawa thelathini na nne. Mara thelathini na mbili...

Mimi nikajua tu. Mwanaume akianza kujikondesha ukubwani, kuna mtu anamtengenezea umbo! Nikawa nashona huku nalia. Kumuuliza sikuthubutu, niliogopa jibu.

Mpaka siku hiyo nikamfuata kazini.

Yule dada, mhandisi wao, alishika shavu lake. Hakunirudishia.

"Wifi, kaanguka. Gari la wagonjwa linakuja. Mwambie afungue bahasha, mimi nimemsihi nimechoka."

"Bahasha gani?!"

Mume wangu akaonyesha mfuko wa koti. Bahasha ya hospitali, imefungwa vilevile. Mhuri wa miezi minne iliyopita!

Nikaichana. Uvimbe tumboni. Bado mdogo, unatibika, arudi ndani ya wiki mbili.

"Kwa nini hukufungua?!"

"Ikiwa imefungwa, mimi ni mzima na mgonjwa kwa pamoja," alinong'ona. "Nikifungua, nabaki mmoja. Nilitaka yule mzima akae na wewe... kidogo tu."

Hospitali walisema uvimbe umeshasambaa.

Tumemzika Jumanne. Suti nilimshonea mwenyewe. Nilimpima kiuno mara ya mwisho.

Ishirini na nane.

Ndugu zangu, yeye aliogopa bahasha, mimi nikaogopa kuuliza. Miezi minne nilikuwa naupima ugonjwa wake kwa mikono yangu, inchi kwa inchi, na mimi nikadhani ni mwanamke. Roho inaniuma, siwezi kuwaficha.

Nenda kapimwe. Na mtu wako akibadilika, muulize leo, hata kama jibu linakutisha.

Na wewe, kama kweli upo na unaiendesha hii dunia kwenye mashine yako... nirudishie miezi minne tu.

Vyombo nitaosha mwenyewe.