Visanduku vya Saa Kumi

Kila siku, ilipotimu saa kumi alasiri, Baba aliketi kwenye meza ya sebuleni, gazeti likiwa limekunjwa mbele yake kwenye ukurasa wa chemshabongo. Pembeni yake aliketi Kwanini, mtoto wa miaka saba, penseli mkononi. Jina lake halisi watu walikuwa wamekwisha kulisahau, maana hakuna jambo lililompita mtoto yule bila kuuliza kwa nini. Na jikoni, mlango ukiwa wazi, dada yake wa miaka kumi na miwili alikuwa akiosha vyombo, lakini masikio yake yote yalikuwa sebuleni. Huyo walimwita Chapuchapu, na jina lilikuwa limemkaa.

"Le-o: Sha-mba-ni," Kwanini alisoma, kidole kikifuata kila herufi. Chemshabongo ile ilikuwa na mada yake kila siku. Jana ilikuwa mwili wa binadamu, juzi sokoni. "Namba moja, mla-lo. Ki-fa-a cha ku-li-mi-a. Herufi tano."

Baba alifumba macho. Midomo yake ilitikisika. "Je..."

"Jembe," sauti ikatoka jikoni. Haikuwa ya kunong'ona wala ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti ya kusikika vizuri tu.

"Wewe," alisema Mama, bila kuinua macho kwenye kitunguu alichokuwa akikata. "Umeambiwa mara ngapi?"

Chapuchapu akainamia sufuria yake na kuisugua kama vile ndiyo iliyomkosea.

Miezi minne iliyopita Baba alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea, na maneno yakamgomea. Hayakupotea, la. Yalikuwemo kichwani mwake yote, ila mlango wa kutokea ulikuwa umekwama, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Pale hospitali palikuwa na mama mmoja mwenye miwani mizito, mtaalamu wa kuwarudishia watu usemi, ambaye watoto walimwita Daktari wa Maneno. Ndiye aliyeshauri habari ya chemshabongo.

"Kila siku moja," alisema. "Mtoto asome kidokezo, baba aseme neno mwenyewe. Kisha aeleze kitu hicho ni nini na ni cha kazi gani. Kule kueleza ndiyo dawa yenyewe. Na mtu asimtafunie. Akihitaji nusu saa kwa neno moja, mpeni hiyo nusu saa."

Kazi hiyo alipewa kwanza Chapuchapu, kwa kuwa ndiye mkubwa na darasani hashikiki. Alidumu siku mbili. Kidokezo na jibu alivitoa kwa pumzi moja, na kabla Baba hajafumbua mdomo, neno lilikuwa limeshaandikwa na yeye yuko namba inayofuata. Siku ya tatu Mama alimnyang'anya penseli akampa Kwanini. Huyo alisoma polepole kwa sababu haraka hakuiweza, na aliuliza maswali kwa sababu majibu kweli hakuyajua.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, na wivu hauna tabia ya kupiga hodi. Kabla ya ugonjwa, Baba alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Chapuchapu alikulia humo. Alishika ncha ya ubao Baba alipopima, alipanga misumari kwa urefu wake, na majina ya vifaa aliyajua kabla ya kujua a, e, i, o, u. "Mkono wangu wa kulia ni huu wenye nyundo," Baba alizoea kuwaambia wateja, "na wa kushoto ni yule pale." Wateja walicheka, naye Chapuchapu alijiona mrefu kuliko mlango. Sasa karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Baba hakuwahi kuitaja, wala kutaja kitu chochote kilichokuwa ndani yake.

"Jembe ni la nini, Baba?" Kwanini alikuwa akiuliza sebuleni.

"La... kulimia."

"Kwa nini watu wasilime kwa mikono?"

Baba alifikiri kwa muda mrefu. "Ku... kucha," akasema, "zitaisha."

Wakacheka wote wawili, Baba na mwanawe, hadi penseli ikaanguka chini. Chapuchapu alikisikia kicheko kile, nacho kikamchoma. Alikuwa hajasikia Baba akicheka namna hiyo tangu augue, na aliyemchekesha hakuwa yeye.

Jioni alimbana mdogo wake uani. "Unajidai sana, na kusoma kwenyewe huwezi."

"Kwa nini umenuna?"

"Sijanuna."

"Mbona mdomo umefika hapa?" Kwanini akaonyesha, mkono ukiwa mbali kabisa na uso wake. Chapuchapu akaondoka zake.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mwuza magazeti alipenyeza gazeti chini ya mlango kama kawaida. Mama alikuwa ameshatoka kwenda zamu ya alfajiri katika kiwanda cha mikate. Baba na Kwanini walikuwa wamelala. Chapuchapu, aliyekuwa akifagia, aliliokota gazeti na kulifungua ukurasa ule. Kichwa cha chemshabongo kilisema: "Leo: Karakana ya Seremala."

Alikisoma mara mbili. Haya sasa yalikuwa maneno yake. Kwanini anajua nini kuhusu patasi? Ataketi pale na penseli yake, amwulize Baba jiriwa ni mnyama gani, Baba acheke, na yeye awe anasugua masufuria huko jikoni.

"Haiwezekani," alisema peke yake.

Akatoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa shule, akakaa. Chombo cha kubana ubao usichezecheze: jiriwa. Hutoboa matundu: keekee. Hugandisha mbao mbili: gundi. Aliandika bila kupumzika. Namba tatu mlalo ilisema, "Hulainisha mbao, herufi tano." Akajaza RANDA. Kisha akashuka namba tatu wima: "Una meno mengi, haujui kutafuna, herufi saba." Huo si msumeno? Lakini kisanduku cha kwanza, kile ambamo maneno yote mawili yalianzia, tayari kilikuwa na R. Mwingine angesimama hapo akajiuliza. Chapuchapu aliamua kwamba gazeti limekosea. Alikoleza M kubwa juu ya ile R mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akaendelea.

Kwa dakika kumi visanduku vyote vilikuwa vimejaa. Alilikunja gazeti vizuri na kuliweka mezani. Saa kumi Baba angeona mwenyewe ni nani anayejua, na Chapuchapu angesimama na kusema: nimeimaliza mimi, Baba, kwa dakika kumi tu.

Saa kumi ilifika. Jumamosi zamu ya Mama huisha jioni, lakini siku hiyo alikuwa amerudi mapema, na badala ya kwenda jikoni alisimama karibu na meza akijifanya anakunja nguo.

"Le-o," alianza Kwanini. "Ka-ra-ka-na ya Se-re-ma-la."

Baba aliinua kichwa. Alijinyoosha kitini, akakisogeza kiti karibu na meza, na mkono wake wa kushoto ukaanza kupapasa ukingo wa meza ile ambayo aliitengeneza mwenyewe. Macho yake yaling'aa. Kwanini akalikunjua gazeti.

"Mbona imejaa?"

Baba alitazama. Alipita kisanduku kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa na wino mweusi usiofutika. Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni na maneno yake tayari mdomoni, lakini aliuona uso wa Baba, na maneno yakamkauka. Baba aliilaza penseli mezani taratibu, akainuka kwa kushikilia meza, akatoka nje akiburuta mguu.

"Nani kafanya hivi?" Mama aliuliza. Akamgeukia Kwanini. "Wewe ndiye uliyeshinda hapa na gazeti."

"Si mimi. Mimi nikiandika huwa ninapita nje ya kisanduku."

"Basi limejiandika lenyewe."

Kwanini alianza kulia. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Chapuchapu alilijua hilo, na kwa muda mfupi, aibu kusema, alilitamani. Mama aliketi kwenye kiti cha Baba, nguo zikiwa bado mapajani.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne hajataja hata msumari. Daktari aliniambia, maneno ya kazi yake yakitoka, mengine yatayafuata. Asubuhi nimeliona gazeti kule kazini, nikaomba ruhusa nitoke mapema nije nimsikie. Kumbe nimekuja kusikia kimya."

"Ni mimi, Mama," alisema Chapuchapu.

Mama hakugomba. "Usiniambie mimi," alisema. "Nenda kamwambie mwenye maneno yake."

Baba alikuwa ameketi uani kwenye benchi, akitazama kufuli la karakana. Chapuchapu alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Baba, ni mimi niliyejaza. Nilikuwa na wivu. Kwanini anakaa na wewe kila siku, mnacheka, mimi niko jikoni. Nilitaka uone kwamba mimi ndiye ninayeyajua haya maneno." Machozi yalimtoka. "Nisamehe, Baba. Nimekunyang'anya siku yako."

Baba aliendelea kulitazama kufuli. Kwanini alikuwa amewafuata akiwa na gazeti mkononi, bado anavuta kamasi. Lakini huzuni haikuwahi kumzuia kuuliza.

"Kwa nini hapa pana herufi mbili?"

Baba aligeuza macho. Fundi ni fundi, hawezi kuona kiungo kibaya akakipita. Alilichukua gazeti kwa mkono wa kushoto, akaliweka gotini, akainama. Kidole chake kilisimama juu ya neno RANDA. Akatikisa kichwa.

"Si..." akasema.

Chapuchapu alitazama alipoonyesha, na papo hapo akaona kosa. Msasa. Mlalo na wima, yote mawili yanaanza na M. Gazeti halikukosea hata kidogo. Neno lilimpanda hadi kwenye meno, likisukuma litoke. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mishipa ya shingo ya Baba ilikaza. "Si... ra... randa," alisema. "Randa... inakula. Hii... m..." Akakwama. Kwanini alisubiri kwa utulivu, maana kusubiri alikuwa amekuzoea. Chapuchapu alihesabu moyoni. Alipofika arobaini na moja, aliona kwamba hajawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

"M... msasa," alisema Baba.

"Msasa ni wa nini, Baba?"

Safari hii aliyeuliza hakuwa Kwanini. Baba aliinua macho na kumtazama binti yake.

"Wa... mwisho," alisema. "Randa inakula mbao. Msasa... una... unaibembeleza." Na kiganja chake cha kushoto kikasugua benchi polepole, kuonyesha. Halafu akaunyooshea kidole mlango wa karakana. "Mle... jiriwa. Keekee. Patasi... tatu."

"Kwa nini tatu?" aliuliza Kwanini.

"Nyembamba. Pana. Na..." Kidole kikamgeukia Chapuchapu. "Yake."

Kweli ilikuwepo, patasi fupi yenye mpini mdogo ambao Baba alimchongea alipokuwa na miaka sita. Chapuchapu alidhani imeshasahaulika. Alikaa chini pale pale akalia kwa sauti.

Mama alikuwa mlangoni, akijifuta macho kwa kitambaa cha jikoni. Alikuja akaketi kwenye benchi.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Hakuna aliyekunyang'anya baba. Nafasi yako ilikuwepo muda wote, ila wivu ulikuziba macho, ukaenda kumpokonya mgonjwa maneno yake, tena moja umelikosea. Kujua jibu ni kitu kizuri, wala sikukatazi. Lakini ukimpenda mtu, mpe nafasi alitafute jibu lake mwenyewe, hata kama wewe unalo tayari. Na kosa lako umelikiri kabla hujalazimishwa. Kwa hilo nakupongeza."

"Ndiyo, Mama."

"Kuanzia kesho Kwanini atasoma, wewe utauliza maswali. Vyombo mtaosha kwa zamu."

"Kwa nini kwa zamu?" alisema Kwanini, na kwa mara ya kwanza alikuwa analalamika, si kuuliza.

"Na ile kalamu ya wino naiomba," Mama akamalizia.

Baba aliinua mkono kuonyesha kwamba naye ana neno. Wote wakamtazama.

"Haraka... haraka..." alisema, akakwama.

Sasa methali hiyo nani asiyeijua? Ukiianza tu mahali popote, hata mpita njia ataimalizia. Kwanini alifumbua mdomo, na Chapuchapu akamziba kwa kiganja. Jikoni birika lilianza kuchemka, kifuniko kikaruka-ruka. Hakuna aliyeinuka. Walikaa wote watatu wakimtazama Baba, na Baba akakazana, akameza mate, akaanza tena.

"Haraka haraka haina baraka," alisema, "mkono wangu wa kushoto."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Kisha Mama akaenda kuepua birika.