Kiti cha Mzee Nthiga

Rafiki yangu Gacheri alihudumia wazee katika makao fulani karibu na Kibugu. Kila Jumatatu yeye na Wambeti, rafiki yake wa kazini, walikagua viti vya magurudumu vya wazee, vinavyolazwa nyuma: breki, mikanda na egemeo. Jumatatu moja Gacheri aliugua, Wambeti akaachiwa ukaguzi peke yake. Hakugusa breki. Siku tatu baadaye kiti cha Mzee Nthiga kiliteleza hadi kwenye ngazi, kikapinduka, na mzee akafa.

"Gacheri ndiye alikagua," Wambeti alimwambia meneja.

"Wambeti, mimi nilikuwa kitandani. Si wewe uliniletea uji?"

Wambeti aliangalia chini, na meneja akamfuta Gacheri kazi papo hapo. Gacheri anasema kule kuangalia chini kulimuuma zaidi kuliko kufutwa kazi.

Mchana huo, kabla ya kuondoka, Gacheri aliingia stoo, kilikowekwa kiti cha mzee, kupiga picha ya ile breki mbovu iwe ushahidi. Stima zilikuwa zimepotea, taa haziwaki, na ukungu umeziba dirisha. Gizani akasikia chuma kikilia polepole, kama egemeo linaloinuliwa. Akawasha tochi ya simu. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mkanda ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umetuna mbele, kana kwamba umezunguka tumbo la mtu, na ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu.