Mgeni wa Godauni

Jua lilikuwa likizama upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto, Apolline alipofika kwenye geti la godauni, ndoo mkono mmoja, binti yake Liliane mkono wa pili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kufagia na kupiga deki ghorofa ya juu, kwa kuwa kesho yake asubuhi mteja angekuja kuitazama. Nyumba ilikuwa inauzwa.

Nyumba! Miaka yote watu wa mtaa wa Kakoba walilijua jengo lile kuwa godauni la kahawa, lenye panya na vumbi. Sasa lilikuwa limegawanywa, matofali yameachwa uchi bila plasta, boriti zimepakwa vanishi, na dalali, Bwana Tumwebaze, aliliita kwa jina la Kizungu na kuapa kwamba matajiri wa Ulaya ndivyo wanavyoishi. Apolline, aliyekaa miaka sita kwenye nyumba ya udongo katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alicheka kimoyomoyo. Kumbe ukuta usiopigwa plasta nao ni utajiri!

"Mteja ya Kampala iko kuja saa mbili," Tumwebaze alikuwa amemwambia kwenye simu. "Mimi hapana taka vumbi hata kidogo."

Liliane alikuja naye kwa sababu Apolline hakuwahi kumwachia mtu yeyote mtoto huyo, hata kwa saa moja. Alikuwa na miaka saba. Mume wa Apolline, mama yake, kaka zake wawili, wote walibaki Kivu chini ya udongo. Duniani alibakiwa na Liliane tu, na alimlinda kama mboni ya jicho.

Mlinzi wa geti, mzee Salvator, alikuwa Mrundi aliyewahi kuwa jirani yao kambini. Alimpa ufunguo, lakini hakuuachia upesi.

"Mama Liliane, kule juu usiongee. Fanya kazi, ushuke."

"Kuko nini?"

"Usiongee tu."

Wazee na mambo yao, Apolline aliwaza, akapanda ngazi.

Alipofika mlangoni alifanya kitu ambacho angekifanya hata akiwa usingizini. Kwao, mtu haingii nyumba tupu kimya kimya kama mwizi. Mama yake alimfundisha kubisha hodi, na kama hakuna wa kuitika, ajiitikie mwenyewe, nyumba isikae na aibu ya kutokuwa na mwenyeji.

"Hodi!" akasema. Kimya. "Karibu," akajijibu, akaingia.

Alipokuwa ameshavuka kizingiti ndipo alipokumbuka maneno ya Salvator. Akayapuuza.

Chumba kilikuwa kikubwa kama kanisa. Ukutani, upande wa barabara, palikuwa na mlango wa zamani wa kupandishia magunia, mlango usio na ngazi, unaofunguka hewani, na juu yake kapi la chuma. Mafundi walikuwa wameuacha uwe pambo. Apolline alikagua komeo lake mara mbili, kisha akamkalisha Liliane mbali nao, akampa mkate.

Alianza kufagia. Umeme ulikuwa haujaunganishwa, na mwanga wa madirishani ulikuwa unapungua.

Ngazi zikalia.

Hatua moja... kimya... hatua nyingine. Nzito. Kati ya hatua na hatua, mtu alikuwa anahema, yule mhemo wa mtu aliyebeba kitu kinachomzidi nguvu.

"Salvator?"

Hatua zikasimama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Ikaja harufu ya gunia lililolowa na jasho la siku nyingi. Halafu ubao wa sakafu, ndani ya chumba, ukalia.

Alikuwa ameingia. Kwa nini asiingie? Alikuwa amekaribishwa.

Ufagio ulimwanguka Apolline. Akageuka kumtafuta Liliane, akamkuta ameukata mkate wake vipande viwili na kuweka kimoja sakafuni mbele yake, kwa adabu, kama alivyofunzwa.

"Mama," mtoto alinong'ona, "mugeni iko na njaa."

"Liliane. Kuya hapa."

Komeo likalia, *ka!*, na mlango wa magunia ukafunguka wenyewe. Upepo ukaingia na kelele za pikipiki za barabarani, mbali sana chini. Kabla Apolline hajapiga hatua mbili, Liliane alikuwa ameshasimama ukingoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, vidole vimejikunja, kama umeshikwa.

Hakuna aliyeushika.

"Anasema kumebakia gunia moya," Liliane alisema. "Anataka nimusaidie."

Apolline alitaka kupiga kelele, alitaka kumrukia na kumnyakua, lakini kati yake na mwanawe palikuwa na ule mhemo, na ukingo ulikuwa nusu hatua. Aliogopa kuliko alivyoogopa usiku ule walipokimbia Kivu. Ndipo akili yake ikashika kitu kimoja. Mgeni hafukuzwi. Mgeni husindikizwa.

"Baba," alisema. "Giza linaingia. Twende, tukusindikize."

Mhemo ukatulia.

Mkono wa Liliane ukashuka polepole. Mtoto akarudi, akaushika mkono wa mama yake, wakashuka. Nyuma yao ngazi ziliendelea kulia. Getini, mzee Salvator aliwaona, akageuzia uso wake ukutani.

Walipita Kakoba katikati ya watu, wauza chapati, na madereva wa boda waliowaita kwa mikono. Hakuna aliyeona kitu. Apolline hakugeuka hata mara moja. Kwa desturi yao mgeni mwenyewe ndiye anayesema inatosha, na huyu alikuwa hasemi. Walitembea mpaka daraja la mto Rwizi.

Katikati ya daraja, sikioni kabisa, sauti ya mwanamume aliyechoka ilisema:

"Inatosha, mama. Rudi."

Nyayo zikaendelea mbele, upande wa Nyamitanga. Sasa zilikuwa nyepesi, kama za mtu aliyetua mzigo. Apolline aliushika mkono wa mwanawe kwa nguvu zake zote, akageuka, akalia kwa furaha njia nzima mpaka kwa dada mmoja wa kanisani walikolala.

Asubuhi alirudisha ufunguo. Salvator aliupokea bila kumtazama.

"Alikuwa mchukuzi," alisema. "Alianguka na gunia la mwisho, pale mlangoni. Tajiri wa wakati ule akaficha. Wakamtupa mtoni. Hakuna aliyemlilia, hakuna aliyemzika."

"Alitaka nini?"

"Kupumzika. Kupata mtu wa kumpokea mzigo." Akamtazama Liliane kwa muda mrefu. "Mtoto alilala vizuri?"

"Alilala kabisa. Hakugeuka hata."

Mzee akautia ufunguo mfukoni, akawafungulia geti.

Walifika Nakivale mchana, mawingu yakiwa yametanda. Njiani Liliane hakuomba maji wala hakuimba. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vimekakamaa, na Apolline alijiambia ni vumbi la jana. Akafungua mlango, akaingia, akaweka ndoo chini.

Nyuma yake hakusikia hatua.

"Hodi."

Akageuka. Liliane alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mikono imeshuka ubavuni, anasubiri.

"Liliane, ingia. Ni kwetu hapa."

Mtoto hakusogea. Alikuwa anahema taratibu, kwa shida.

"Hodi," alirudia.

Harufu ya gunia lililolowa ikamfikia Apolline. Akazikumbuka zile nyayo darajani, nyepesi kama za mtoto, zikienda zake gizani, na yeye akiwa amezipa kisogo, analia kwa furaha. Akashika mwimo wa mlango.

Mvua ikaanza. Ikamlowesha mtoto nywele, ikateremka kwenye kovu dogo la kwenye nyusi alilolipata alipokuwa anajifunza kutembea. Midomo ilikuwa ya Liliane, na gauni ni lile alilomshonea kwa mkono. Majirani walikuwa wameanza kuchungulia, wakimshangaa mama gani anayemwacha mwanawe kwenye mvua.

"Karibu," Apolline alisema.

Mtoto akainamisha kichwa na kupinda mgongo, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi mara mbili, akaingia.